Kabla ya kusema "yaishe", fungueni daftari

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, leo sizungumzii mbolea wala viwavijeshi. Nazungumzia jambo linalovunja vikundi vyetu kuliko ukame: tunapatanisha watu kabla hatujapatanisha hesabu.

Neno hili lina kazi nyingi katika lugha yetu. Sokoni, kupatana ni kukubaliana bei. Kwenye kitongoji, kupatana ni kumaliza ugomvi. Na mhasibu wa halmashauri akilinganisha daftari lake na taarifa ya benki, kazi hiyo huiita usuluhishi wa benki. Neno lilelile la suluhu ambalo wazee hulitumia wakisuluhisha mke na mume. Naona wahasibu hawakukosea kulichukua. Wametushinda katika jambo moja tu: wao hawasuluhishi mpaka karatasi mbili zilale mezani.

Sisi hufanya kinyume. Watu wawili wakigombania fedha, tunawaita chini ya mwembe, tunawakumbusha undugu, kisha mzee mmoja anasema, "Basi, yaishe." Wanapeana mikono na kila mmoja anarudi nyumbani na hesabu yake ileile kichwani.

Kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mkulima mmoja alipeleka magunia 10 ya mahindi kwenye ghala la shemeji yake mwezi wa Juni, kilo 100 kila gunia. Yalikuwa hayajakauka vizuri, shemeji akayaanika tena kwenye turubai. Oktoba walipopima ili wauze, zilikosekana kilo 57. Zaidi ya nusu gunia! Mkulima akamwita shemeji yake mwizi mbele ya mkutano wa kikundi. Tulikaa nao, nami nikasema yaishe kama wengine. Walipeana mikono. Msimu uliofuata hawakusalimiana, na dada wa watu aliyekuwa katikati yao ndiye aliyeumia zaidi.

Msimu huo nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilikwenda na kipima unyevu mahindi yakipokelewa, kikasoma asilimia 18. Tukachagua gunia moja la kilo 100, tukaliweka alama, likaanikwa mbele ya watu hadi asilimia 13 inayofaa kuhifadhia. Tulipolirudisha kwenye mizani lilikuwa kilo 94 na ushee. Hakuna aliyechota hata kibaba. Ni maji yaliyoondoka. Zidisha kwa magunia 10 utaona zile kilo 57 zilikwenda wapi.

Angalia hapo: wote wawili walikuwa wakweli. Mkulima alipeleka kilo 1,000 kweli, na shemeji alitoa kila punje aliyokuwa nayo. Kilichokosekana hakikuwa uaminifu. Kilikosekana kipimo ambacho wote wawili wangekiona.

Vivyo hivyo kwenye fedha za kikundi. Daftari la mhazini likitofautiana na salio la benki au la simu, usianze kutafuta mwizi. Weka karatasi mbili pamoja, weka alama kwenye kila kiasi kinacholingana, kisha yaliyobaki yaulize maswali matatu.

Kwanza, je, ni suala la muda? Huenda fedha imeandikwa leo na itapelekwa benki kesho.

Pili, je, ni makato? Mnunuzi anasema ametuma laki mbili, wewe mkononi umepata pungufu, na wote mnasema kweli, kwa sababu ada ya kutoa imepita katikati. Ndivyo ilivyo pia kwa bei inayotangazwa kwenye mnada wa ushirika: kabla haijafika kwako inapitia tozo, na kila tozo inapaswa kuonekana kwenye karatasi yako. Usiione, iulizie.

Tatu, je, ni kosa la kuandika? Hapa kuna mbinu ya wahasibu. Gawanya ile tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki, huenda mtu amegeuza tarakimu. Shilingi 36,000 ikiandikwa 63,000, tofauti ni 27,000, na hiyo inagawanyika kwa 9. Nenda katafute tarakimu zilizopinduka.

Maswali hayo yakiisha na tofauti bado ipo, hapo sasa muulize mhazini kwa haki. Fanyeni hivyo kila mwezi, si siku ya kugawana. Kosa la mwezi mmoja hupatikana jioni moja. Kosa la mwaka mzima huzaa maadui.

Hata mawazo hupatanishwa kwa njia hiyohiyo. Bibi anasema majivu yanatosha kulinda maharage yasitobolewe, kijana anataka mifuko isiyopitisha hewa. Mimi nikisema kijana yuko sahihi kwa kuwa nimesoma, nimemshinda bibi, sijampatanisha na mtu. Hifadhini debe moja kwa majivu na jingine kwenye mfuko, fungueni baada ya miezi minne, hesabuni yaliyotobolewa. Ndiyo maana ya shamba darasa: mabishano yanawekwa ardhini, kila mtu anakuja kuona.

Najua wapo watakaosema kuhesabiana kati ya ndugu ni kutoaminiana. Sikubaliani nao. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami naongeza kuwa mara nyingi udugu huisha pamoja nayo. Anayekuandikia mbele yako anakulinda wewe na anajilinda mwenyewe, hasa siku mmoja wenu asipokuwepo na watoto wakabaki kuulizana.

Lakini nisiidanganye nafsi yangu. Hesabu haimalizi kila kitu. Siku ile mizani ilipoonyesha kilo 94, yule shemeji hakufurahi. Aliinama tu. Alikuwa ameitwa mwizi mwaka mzima, na hakuna mizani inayofuta neno hilo. Mkulima alisimama kwenye mkutano uleule, mbele ya watu walewale, akasema, "Shemeji, nilikukosea. Hukuniibia." Hapo ndipo walipopatana. Kama ulimchafua mtu hadharani, usimsafishe uchochoroni.

Basi mpangilio uwe huu: kwanza daftari na mizani, halafu msamaha, na "yaishe" iwe ya mwisho. Mavuno yanakaribia. Kabla gunia la kwanza halijaingia ghalani, pimeni unyevu, pimeni uzito, andikeni nakala mbili, kila mmoja abaki na yake.