Mbiu Ikipigwa, Nani Asikie?

Wahenga walinena ya kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ilipopulizwa, mkulima aliacha jembe lake na mvuvi akaacha nyavu zake, wakakusanyika kusikia kulikoni. Methali hiyo haimhusu mpiga mbiu peke yake. Inawahusu pia wale wenye wajibu wa kusikia.

Huku Malindi na Kilifi tumehimizwa kwa miaka mingi tuwe wapiga mbiu. Tangu mwaka 2013, Serikali ilipoanzisha mpango wa Nyumba Kumi kwa kuazima mfano wa majirani zetu wa Tanzania, tumeambiwa kwamba polisi hawawezi kuwa kila mahali. Basi raia ajitolee bila mshahara: awajue jirani zake, aangalie mambo ya kigeni yanayoingia kijijini, apeleke habari kwa mzee wa mtaa, kwa chifu au kituoni. Ombi hilo ni la haki, na wengi wetu tumeliitikia. Swali langu ni moja tu: mbiu ikishapigwa, nani analazimika kuisikia?

Ndugu wasomaji, mwezi wa Aprili 2023 maiti zilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, eneo la Chakama, bara ya mji wa Malindi. Idadi yao ilipita 400, wakiwamo watoto wengi, na wengi walisemekana kufa kwa njaa waliyoamrishwa kwa jina la dini. Dunia nzima iliuliza: majirani walikuwa wapi? Majirani walikuwapo. Wanakijiji na jamaa za waliopotea walikuwa wamekwisha kutoa habari kwa wenye mamlaka. Mwezi wa Machi mwaka huo huo mhubiri Paul Mackenzie alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, kisha akaachiliwa kwa dhamana.

Kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Danson Mungatana, katika ripoti yake ya Oktoba 2023, ililaumu vyombo vya usalama na vya sheria kwa kutotimiza wajibu wao. Mwezi wa Machi 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikawalaumu maafisa wa Malindi waliopewa habari za kuaminika wasichukue hatua. Mhubiri huyo na wenzake walifikishwa mahakamani, na hukumu ni ya mahakama, si ya jarida hili. Lakini kuhusu mbiu hakuna shaka: ilipigwa. Na mwaka 2025 maiti nyingine zaidi ya 30 zikafukuliwa Kwa Binzaro, katika eneo lile lile la Chakama.

Tulifundishwa utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shakahola imetufunza upande wa pili: mkuu asiposikia la mdogo, avunjikaye guu ni mdogo.

Wako watakaosema kwamba sheria haipo. Ipo. Ibara ya 244 ya Katiba ya 2010 inaiagiza Huduma ya Taifa ya Polisi ikuze uhusiano wake na jamii. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ina sehemu nzima inayohusu ushirikiano wa polisi na wananchi katika ulinzi, na miongoni mwa shabaha zake ni polisi kuwa wazi na kuwajibika kwa jamii. Maana yake ni nipe nikupe. Raia hutoa habari. Polisi hutoa hesabu ya walivyozitumia. Vijijini kwetu tumetimiza nusu ya kwanza na kunyimwa nusu ya pili.

Katika kazi yangu ya uwakili nilimsimamia kijana mmoja aliyejitolea kuwa mjumbe wa usalama kijijini kwao. Alipeleka habari za wizi wa mifugo katika kituo kimoja. Habari zake hazikuandikwa popote. Kabla jua halijatua, wale aliowataja walikuwa wamekwisha kulijua jina lake. Akahama kwao, akaacha nyumba na shamba. Je, baada ya hapo, nani kijijini pale atapuliza pembe?

Iko pia hatari nyingine, nasi tuliopigania mageuzi hatuna ruhusa ya kuisahau. Sisi tuliokuwa wanafunzi wa shule ya msingi mwishoni mwa enzi ya chama kimoja tunawakumbuka vijana wa KANU kwenye vituo vya mabasi na masokoni, wakiwadai kadi ya chama watu waliotaka kusafiri tu. Nao walidai kuwa wanalinda usalama. Kifungu 2A kiliondolewa Desemba 1991, lakini tabia haifutwi kwa kura ya Bunge. Mlinzi asiyechaguliwa na watu na asiyejua mipaka yake huanza kwa kutazama, akaishia kupiga. Katika Kilifi hii hii wazee wenye mvi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma umo ugomvi wa shamba. Kaya Godoma, kule Ganze, imekuwa kimbilio lao. Mzee kama huyo anahitaji jirani atakayepiga mbiu kwa ajili yake, wala si genge lenye fimbo na baraka za chifu.

Na kanisa je? Mackenzie alihubiri mjini Malindi miaka mingi kabla ya kuingia msituni. Wengi wetu tulisema hayo ni ya madhehebu mengine. Nabii Ezekieli anamfundisha mlinzi kwamba akiuona upanga unakuja asipige baragumu, atadaiwa damu ya waliokufa. Fundisho hilo linawagusa askari, nalo linatugusa sisi tunaokaa viti vya mbele kanisani.

Basi tudai mambo manne. Kwanza, kila anayepeleka habari kituoni apewe nambari ya OB papo hapo. Asiondoke bila hiyo. Pili, wajumbe wa kamati za usalama wachaguliwe na wananchi hadharani, wanawake na vijana wakiwamo, si kuteuliwa na chifu miongoni mwa rafiki zake. Tatu, mjumbe asikamate watu kiholela, asipige, asitoze faini. Kazi yake ni kuona na kusema. Nne, mkuu wa kituo aje mbele ya baraza kila baada ya miezi mitatu aeleze habari alizopokea na hatua alizochukua, bila kutaja jina la aliyezileta. Asiposikia, iko Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Tuwaandikie barua, na nakala tuzihifadhi parokiani.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, kila kikundi kiteue watu wawili wa kusindikiza yeyote mwenye habari ya kupeleka kituoni. Mtu mmoja hufukuzwa mlangoni kwa urahisi. Watatu wenye kalamu na daftari huandikiwa.