Kivuli cha Alasiri

Tarehe 21 Juni binti wa dada yangu, aliye kidato cha nne, alinijia barazani na daftari lililojaa milinganyo ya trigonometria. Alikuwa ameanguka katika jaribio, na nyumbani wamekwisha kumwambia kuwa huenda hesabu si fungu lake. "Mjomba," akasema, "yote nimeihifadhi, lakini nikikaa mtihanini hunitoka. Wala sijui ni ya nini."

Nilimwuliza wakati wa Alasiri huingia lini. Akajibu bila kusita, maana nilimsomesha mwenyewe: kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, juu ya kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kati. Nikamwambia kuwa hiyo ndiyo trigonometria. Hapo nikaona haya, kwani kwa miaka zaidi ya ishirini nimeisomesha kanuni hiyo bila kumwambia hivyo mtoto hata mmoja.

Tukasimamisha uani kijiti cha sentimita 100. Jua lilipokuwa kati, saa 6 na dakika 23 za mchana hapa Mombasa, kivuli kilikuwa sentimita 52, kimelala upande wa kusini. Basi Alasiri ingeingia kikifika 152.

Wanazuoni wa falaki waliuita uwiano huu dhill, yaani kivuli. Habash al-Hasib wa Baghdad aliweka jedwali la vivuli katika karne ya 9, na hadi leo Waarabu huiita tanjenti dhill. Sini wao huiita jaib, uwazi wa kanzu kifuani. Asili yake ni jya ya Kisanskriti, upote wa upinde. Waarabu waliliandika kwa herufi zilizosomeka jaib, na wafasiri wa Kilatini wakaandika sinus, kifua. Kosa hilo la kusoma wanafunzi wa dunia nzima hulitamka kila siku!

Turudi uani. Kijiti, kivuli chake, na mstari unaounganisha ncha zao hufanya pembetatu yenye pembe mraba. Zidisha 100 kwa 100, na 152 kwa 152, ujumlishe: 33,104. Kipeuo chake cha pili ni 182 hivi, nao ndio urefu wa ule mstari wa mshazari. Gawanya 100 kwa 182, sini ya mwinuko wa jua ni 0.55. Gawanya 152 kwa 182, kosini ni 0.835. Zidisha kila moja kwa nafsi yake, jumlisha, hupati ila 1, ukiacha vidogo vya kukadiria.

Basi sin²θ + cos²θ = 1 ni kanuni ya Pythagoras tu, iliyogawanywa kwa mraba wa mshazari. Ugawanye mlinganyo huo kwa cos²θ, utapata tan²θ + 1 = sec²θ. Ugawanye kwa sin²θ, utapata 1 + cot²θ = cosec²θ. Mitatu aliyoihifadhi mbalimbali ni mmoja. Na huu wa mwisho ndio daraja: kotanjenti yetu ni 1.52, kwa hiyo unatoka kwenye kivuli hadi kwenye sini bila kuijua pembe yenyewe.

Sini hiyo hutakiwa na mlinganyo wa saa: sini ya mwinuko ni sini ya latitudo mara sini ya umbali wa jua kutoka Ikweta, kuongeza kosini zao mara kosini ya pembe ya saa. Mombasa ni digrii 4 kusini, na jua siku ile lilikuwa digrii 23.4 kaskazini. Binti akapata pembe ya saa kuwa digrii 51 kasoro kidogo. Kila digrii 15 ni saa moja. Hizo ni saa 3 na dakika 23 baada ya jua kuwa kati. Saa 9 na dakika 46.

Akaenda kuitazama ratiba ya sala ukutani, akarudi kimya, akaketi, akaanza ukurasa mpya. Kisha akauliza itakuwaje Desemba. Kivuli cha mchana kitaangukia upande wa Kibla, nikamwambia, nacho kitakuwa sentimita 35. "Usiniambie," akasema. "Nitakitafuta mwenyewe."