Kabla ya Pasipoti, Kipimo

Kokoa ya Ipinda, wilayani Kyela, haikubaliwi sokoni kwa kusifiwa. Matunda huvunwa na kupasuliwa, punje zenye utelezi zikafunikwa kwa majani ya mgomba au kutiwa katika masanduku ya mbao, zikavundikwa siku tano hadi saba huku zikigeuzwa, kisha zikaanikwa juani mpaka unyevu ushuke kufikia kama asilimia 7. Baada ya taabu yote hiyo huja mkaguzi. Huchota punje 300 bila kuchagua, akazipasua moja moja kwa urefu na kuzitazama penye mwanga wa mchana. Ya kahawia imevundikwa ikaiva. Ya zambarau bado. Ya kijivu haikuvundikwa kabisa. Yenye ukungu ni hasara ya mwenyewe. Kipimo hicho hakibadiliki, iwe Kyela, iwe Ghana, iwe bandarini Amsterdam. Mtu asiyemjua mkulima, asiyejua hata Kyela iko upande gani wa ramani, husoma hesabu ile akajua bei ya kutoa. Hapo ndipo zao la kijijini linapogeuka kuwa bidhaa ya dunia, na ndivyo ilivyo kwa kazi ya mikono na akili ya mtu.

Vijana wengi wa mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wanatamani kazi za ng'ambo, na tamaa hiyo si dhambi. Kosa liko katika kudhani kwamba kazi huwa ya kimataifa kwa sababu iko mbali. Kwa mtu wa Ipinda nchi ya nje si hadithi: ukivuka Mto Songwe pale Kasumulu uko Malawi, na Wangonde wa Karonga ni ndugu wanaosikilizana lugha na Wanyakyusa wa huku kwetu. Lakini anayevusha gunia la mchele leo na kesho akarudi na bidhaa nyingine, hata akivuka mara mia, hajapata bado taaluma inayotambuliwa popote. Kazi ya kimataifa ni ile ambayo mtu asiyekujua, asiyewajua wazazi wako wala mchungaji wako, anaweza kuipima akaikubali. Na mshauri wa kazi, anayestahili jina hilo, ni yule anayemsaidia kijana kupasua punje zake mwenyewe kabla hazijapasuliwa na mgeni.

Historia ya hapa hapa inalithibitisha jambo hili. Wanyakyusa hawakuanza jana kutafuta kazi mbali. Walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakaenda migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine wakaandikishwa na shirika la WENELA kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Waliochimba huko walikuwa hodari, na uhodari wao uliwatajirisha wenye migodi. Hata hivyo sheria ya migodi ya Afrika Kusini ya mwaka 1926 iliwafungia Waafrika vyeti vya umahiri, ili kazi za ufundi zibaki kwa wengine. Mtu aliweza kuijua miamba na baruti kuliko msimamizi wake, mkataba ukaisha, akarudi nyumbani bila karatasi hata moja ya kuonyesha alichokijua. Baada ya Uhuru serikali yetu ilikomesha uandikishaji ule. Dhuluma ile ilikuwa ya rangi, nasi tunailaani. Lakini ndani yake lipo somo lisilochakaa. Waliotaka kumnyima mtu thamani hawakumnyima jembe wala sururu. Walimnyima kipimo. Basi inakuwaje leo, wakati hakuna sheria inayotufungia, sisi wenyewe tuondoke bila hicho ambacho wazee wetu walinyimwa kwa nguvu?

Tazama mfano wa maji. Kijana wa Matema, kando ya ziwa letu, aliyekulia ndani ya mtumbwi anajua upepo unapogeuka kabla majani hayajatikisika, na anajua saa ya kutoka na saa ya kukaa pwani. Huo ni ujuzi wa kweli. Lakini meli inayobeba makontena baharini haiwezi kumwajiri kwa ujuzi huo peke yake, kwa kuwa tangu mwaka 1978 upo mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, unaojulikana kwa kifupi STCW, unaosema baharia wa kila daraja afunzwe nini na athibitishweje. Akisoma katika chuo kinachofuata mkataba huo, kama Chuo cha Bahari Dar es Salaam, karatasi yake inasomeka katika bandari za dunia nzima. Ziwa lililomlea halikupotea. Limepata lugha ya kujieleza mbele ya wageni. Ndivyo ilivyo hata kwa Kiswahili chetu. SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, na UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Milango inafunguka kwa walimu na wakalimani. Hata hivyo kuzaliwa katika lugha si sawa na kuweza kuifundisha, na atakayeajiriwa ni yule aliyejifunza kufundisha akapimwa.

Sasa tumtazame huyo mshauri. Siku hizi wapo wengi wanaojiita makocha wa maisha, na mtu huweza kuvaa suti, kushika kipaza sauti, akawaambia vijana waote ndoto kubwa, akaondoka na kiingilio. Huo si ushauri wa kazi. Ushauri wa kazi kama taaluma una historia yake. Mwaka 1908, mjini Boston, Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana wa mjini na wahamiaji kuchagua kazi. Alitaka mambo matatu: kijana ajijue mwenyewe, uwezo wake na mipaka yake, aijue kazi, masharti yake, malipo yake na hatari zake, kisha akae aoanishe mawili hayo kwa akili timamu. Zaidi ya miaka 100 imepita na sioni lililozidi hapo. Hata makocha wa kweli duniani hupimwa: shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa mwaka 1995, halimpi mtu cheti chake cha ngazi ya kwanza mpaka awe na saa 60 za mafunzo na saa 100 za kuwahudumia watu. Anayetaka kuwashauri wengine kuhusu vipimo huku yeye mwenyewe akikimbia kipimo, huyo ni mganga asiyekunywa dawa yake.

Na kuijua kazi maana yake ni kujua mambo madogo madogo yenye uzito. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na zipo taaluma, kama uhasibu, uhandisi, usanifu majengo na udaktari wa mifugo, ambazo mabaraza yake yamekubaliana kutambuana. Malawi, jirani tunayemwona kwa macho, si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mhandisi aliyezaliwa Ipinda anaweza kukuta njia ya kwenda Kigali imeandikwa wazi zaidi kuliko njia ya kwenda Karonga. Mshauri asiyejua hilo atamwelekeza kijana kwa kutazama ukaribu wa mpaka, na ukaribu wa mpaka hautoi kibali cha kazi.

Lipo jambo ambalo mshauri hapaswi kulifanya kamwe, nalo ni kulipwa na yule anayemnunua kijana. Wakala wa kusafirisha wafanyakazi ana kazi yake, na akiifuata sheria hana lawama; lakini mwandikishaji hawezi kuwa mshauri, kwa sababu mshauri lazima awe huru kusema usiende. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu ilieleza habari za wanawake walionyang'anywa pasipoti, waliofanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko na walionyimwa mshahara. Wapo pia waliokwenda huko wakatendewa haki. Tofauti ya hawa na wale aghalabu haitokani na bahati peke yake: hutokana na mkataba uliosomwa kabla ya kutiwa saini, ubalozi uliojulishwa, na ndugu aliyebaki na nakala. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 umeweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada. Kijana akiambiwa auze shamba la kokoa ili alipie kazi, na ajue hapo kwamba anayeuzwa si shamba tu.

Wako watakaopinga. Watasema fulani hakushauriwa na mtu, alijitosa tu, leo ana nyumba ya ghorofa. Naam, wapo. Lakini mkaguzi wa kokoa angekataa hoja hiyo papo hapo. Anayekuja na punje 300 alizozichagua nzuri kutoka guniani, akasema gunia zima ndilo hili, amedanganya kipimo. Tunawahesabu waliorudi na gari. Hatuwahesabu walioona aibu kurudi. Tena ukiwachunguza hata waliofika mbali utakuta kipimo kimetangulia. Dk. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe jirani yetu, aliyechaguliwa Oktoba 2023 huko Luanda kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, alikuwa mwanasheria mwenye shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Cape Town na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla hajawa Spika wa Bunge la Tanzania. Bahati ilimkuta akiwa na vipimo vyake mkononi.

Wengine watasema ushauri hauzai ajira. Kazi zenyewe haziko. Hilo ni kweli kwa nusu. Mshauri hawezi kujenga kiwanda, kama mkaguzi asivyoweza kupanda mkokoa. Lakini pale nafasi zilipo chache ndipo kosa moja linapogharimu zaidi, na anayemwonya mtu asipoteze miaka mitatu na akiba ya familia amempa kitu kinachohesabika. Wengine watauliza: tukiwafundisha vijana wetu kuondoka, nani atabaki Ipinda? Nami nawajibu kwamba kipimo hakimfukuzi mtu. Anayejua kuvundika kokoa kwa kiwango cha dunia anaweza kuuza kwa dunia bila kutoka Kyela, na anayekwenda akiwa na ujuzi unaotambuliwa anaweza kurudi nao. Asiye na kitu cha kuonyesha ndiye anayekwama huko, kwa kuwa kurudi mikono mitupu ni kugumu kuliko kuondoka. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini ngamani hapo pawe na kitu.

Litabaki swali la nani amlipe mshauri. Hapa nasema tusisubiri mfadhili. Vyama vya msingi vya ushirika vinavyokusanya kokoa vinaweza kutenga fungu dogo kwa ajili ya watoto wa wanachama. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya makundi, na asilimia 4 ni ya vijana: kikundi cha vijana kikipata mafunzo ya ushauri wa kazi kinaweza kuiombea huduma hiyo mkopo kama kinavyoombea bodaboda. Shule zetu zimeletewa mkondo wa amali kwa sera ya elimu toleo la 2023, na mkondo huo bila mtu wa kumweleza mwanafunzi cheti chake kitasomeka wapi utakuwa karakana isiyo na mlango. Nao wana wa Kyela walioko nje, wahandisi, wauguzi, madereva wa malori ya masafa, mabaharia, wanayo kila mwezi saa moja ya simu ya kumpa kijana mmoja. Hao ndio makocha tunaowahitaji kwanza, wakikubali kujifunza kushauri na wasidhani kwamba kufika kwao kunatosha.

Jamii ya Wanyakyusa ilikuwa na utaratibu wa vijiji vya rika, vijana wa umri mmoja wakijenga na kuishi pamoja, na ilikuwa na ubusoka, sherehe ambayo kizazi cha wazee kilikabidhi madaraka kwa kizazi cha watoto wao. Rika lilimpa kijana moyo. Wazee walimpa nchi. Leo rika limebaki, liko ndani ya simu, linatumiana picha za viwanja vya ndege. Kilichopungua ni makabidhiano. Wazee wangu, mwenye kujua njia asiondoke nayo. Walimu, msimwache mwanafunzi amalize kidato cha nne bila kujua karatasi yake inamfungulia nini. Nawe kijana, kabla ya kuomba pasipoti, keti na mtu mkweli, chota punje zako 300 bila kuchagua, uzipasue. Za kahawia zihesabu kwa shukrani. Za zambarau zirudishe zivundike zaidi. Zenye ukungu zitupe ungali Ipinda, maana mgeni atakayezikuta huko mbele hatatupa hizo tu. Atakataa gunia zima.