Anayekaa Nyuma ya Mwimbaji

Wapenzi wengi wa muziki wa Kihindustani wana hoja moja wanayoirudia: tanpura haina kazi kubwa. Ina nyuzi nne, zinadonolewa moja baada ya nyingine tangu raga inaanza hadi inaisha, bila wimbo wala mapigo. Kwa hiyo, wanasema, kisanduku cha umeme au programu ya simu inatosha. Naipinga hoja hiyo, na si kwa sababu ya kupenda mambo ya kale.

Anayeitoa hajaisikiliza tanpura. Anadhani kurudia ni kubaki vilevile. Kwa kawaida nyuzi tatu hulinganishwa na Sa, sauti ya msingi, na mmoja na Pa, au na Ma ikiwa raga haina Pa, kama Malkauns. Hakuna uzi uliolinganishwa na Ga. Lakini tanpura ikikaa sawa, Ga inasikika ikielea juu ya nyingine. Inatoka ndani ya nyuzi zilezile za Sa, ikiamshwa na daraja pana lenye mbinuko mdogo, ambapo fundi husogeza kipande cha uzi wa pamba chini ya kila waya, kidogo kidogo, mpaka sauti ifunguke. Mwaka 1921 mwanafizikia C. V. Raman alieleza kwamba nyuzi hizi hutoa hata sauti ambazo, kwa kanuni iliyokubalika Ulaya, zilipaswa kunyamaza. Leo tunaambiwa hiyo ni mvumo wa nyuma tu!

Nakubali kwamba mwanafunzi anayefanya mazoezi peke yake alfajiri anakihitaji kile kisanduku. Msafiri naye anakihitaji, maana kibuyu kikavu hakivumilii kurushwa na wapakia mizigo wa ndege. Ugomvi wangu uko jukwaani, pale mwimbaji mwenye wanafunzi tele anapoweka mashine kando ya goti lake.

Nafasi ya tanpura ni darasa. Mwanafunzi huketi nyuma ya mwalimu wake, shingo ya ala begani, akisikia pumzi inavyovutwa kabla ya sauti kutoka, na sauti iliyoteleza inavyorudishwa njiani bila hadhira kujua. Hayo hayafundishwi nyumbani. Mashine ikishika nafasi ile, hakuna anayejifunza.

Hasara inafika mbali zaidi. Mjini Miraj, Maharashtra, familia za mafundi huunda ala hizi kwa vibuyu vikubwa vilivyokaushwa. Mwaka 2024 sitar na tanpura za Miraj zilipewa hati ya serikali ya kulinda jina la mahali zinakotoka. Ni jambo jema, lakini hati hainunui tanpura. Wanamuziki ndio wanaonunua.

Kosa lenyewe, kwa maoni yangu, lilianza kabla ya mashine. Tulizoea kutangaza jina la mwimbaji, la mpiga tabla na la mpiga harmoniamu, tukamwacha mshika tanpura bila jina. Asiyetajwa ni rahisi kumwondoa. Hata akitoweka, nani ataulizia? Basi turekebishe kuanzia hapo. Jina lake liandikwe kwenye tangazo pamoja na ya wenzake, na mahali pake jukwaani pakaliwe na mtu.