Taa Hafifu za Gari: Kosa ni la Balbu au la Waya?

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 katika kila sekunde. Usiku, mpanda baiskeli asiye na taa akionekana sekunde moja mapema zaidi, mita hizo zaweza kuwa tofauti baina ya uhai na mauti. Kwa hiyo suala la taa hafifu si la mafundi peke yao. Ni suala la fizikia, na mahali pake ni darasani pia.

Desturi iliyoenea ni kwamba taa za gari kuukuu zikififia, mwenye gari hununua balbu kubwa zaidi. Mahali pa balbu ya wati 60 huwekwa ya wati 100. Desturi hiyo yafaa kuachwa, maana mara nyingi ugonjwa haumo katika balbu, bali katika njia inayoipelekea umeme.

Ikumbukwe kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea katika waya ni mkondo mara ukinzani. Balbu mbili za wati 60 katika gari la volti 12 huhitaji mkondo wa ampea 10 hivi. Tuseme mkondo huo wapita katika waya mmoja wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1, kutoka kwenye betri hadi swichi ya dashibodi na kurudi mbele, jumla mita 6. Ukinzani wa waya huo ni takriban omu 0.1, basi volti 1 hupotea njiani. Injini ikiwa inazunguka na betri ikitoa volti 13, hasara hiyo haifiki asilimia 8. Lakini mwanga wa filamenti hushuka upesi kuliko volti: karibu robo yake hutoweka.

Balbu za wati 100 zikiwekwa katika waya ule ule, mkondo hukaribia ampea 16, volti zinazopotea huongezeka, na joto ndani ya waya huzidi maradufu. Swichi huungua, ganda la waya huyeyuka, na moto waweza kuzuka. Tena madereva wanaokuja mbele hupofushwa.

Dawa iliyo bora ni rilei. Swichi ya dashibodi hubakia na mkondo mdogo wa kuamsha rilei tu, nao mkondo mkubwa hupita katika waya mfupi na mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake. Waya wa mita 2 wenye milimita mraba 2.5 hupoteza volti 0.14 tu. Viungo vya bodi vilivyoshika kutu navyo visuguliwe hadi ving'ae.

Hata balbu za diodi za siku hizi haziondoi hoja hii. Hutumia mkondo mdogo, lakini taa iliyosanifiwa kwa filamenti huweza kuutawanya vibaya mwanga wake.

Shule yenye voltimita moja yaweza kulifanya gari la mwalimu kuwa maabara. Taa ziwashwe, kisha zipimwe volti kwenye betri na kwenye balbu. Tofauti itakayoonekana itawafundisha wanafunzi kupima kwanza na kununua baadaye.