Muanda: vipimo vya ufuko vitangulie vibali
Kilomita 40 hivi: ndiyo pwani yote ya Kongo kwenye bahari ya Atlantiki, huko Muanda, jimbo la Kongo-Central. Hapo hapo kuna visima vya petroli, wavuvi, mikoko inayolindwa tangu 1992, na bandari ya kina kirefu ya Banana, ambayo Rais Tshisekedi aliiwekea jiwe la msingi Januari 2022. Bahari nayo inakula ufuko. Gati likijengwa, mchanga unaosukumwa na mawimbi hukwama upande mmoja, upande mwingine ukamomonyoka. Watafiti wanalijua hilo, na wavuvi pia. Kabla ya kibali kingine, serikali iwape watafiti fedha za kupima ufuko kila mwaka, na matokeo yabandikwe Muanda, si kufungiwa Kinshasa.