Kabla ya Kufungua Injini, Uliza Kama Inapumua

Majuzi nilifuatana na kijana wa jirani yangu wa Mombasa hadi kwao Kipungani, kile kijiji cha kusini-magharibi mwa kisiwa cha Lamu ambacho akina mama wake ni mabingwa wa kusuka mikeka. Kijana alikuwa anakwenda kumwomba mamake pesa, na haya zilimjaa usoni.

Shida ni gari aliloachiwa na marehemu babake, Datsun 240Z. Wazee mnalikumbuka. Gari la aina hiyo ndilo lililompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Sasa hili lilikuwa likivuja oili kila upande, likitoa moshi wa buluu na kutetemeka likisimama. Fundi mmoja wa mjini alisikiliza kidogo akakata shauri: ringi zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Bei aliyotaja ingemaliza akiba ya mamake ya mikeka ya miaka miwili.

Mama alikwisha kwenda kuleta pesa ndani mjomba wa kijana alipoingia. Mzee huyu hajaendesha gari maishani mwake. Kazi yake ni kutengeneza injini za mashua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze hilo gari." Alipokwisha kuelezwa, aliuliza neno moja tu: "Je, linapumua?"

Tulitazamana. Mzee akatupeleka ufuoni, akawasha injini ya mashua, kisha akakaza kiskurubu kidogo juu ya kifuniko cha tangi la mafuta. Baada ya muda injini ikakohoa, na kile kibofu cha mpira cha kusukumia mafuta kikanywea. Injini ikazimika. Alipolegeza kiskurubu na kukibonyeza kibofu, ikawaka tena.

"Mgeni angesema injini imekufa," akasema. "Kumbe tangi limezibwa pua. Na injini zenye oili tumboni zina mpira wao wa kupumulia. Tafuta wa gari lako kabla hujafungua chochote."

Mzee alisema kweli. Injini inapochoma petroli, gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia tumboni kwenye oili. Zamani gesi hiyo ilimwagwa nje kwa bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba ukungu mchafu wa Los Angeles ulitokana na gesi za petroli, hasa za magari, zikigeuzwa na jua. Katika miaka ya 1960 magari ya California yakaanza kuwekewa vali ndogo inayorudisha gesi ya tumboni kwenye silinda ichomwe. Datsun 240Z inayo, na magari mengi ya petroli yaliyofuata pia.

Vali hiyo ikiziba, gesi haina pa kutokea. Husukuma oili kwenye gasketi na sili, na nyingine hupanda hadi kwenye kichujio cha hewa, ikavutwa na kuchomwa. Hapo ndipo moshi wa buluu huzaliwa, ingawa ringi ni nzima. Ikikwama wazi, injini huvuta hewa kupita kiasi ikatetemeka inaposimama.

Kuipima si kazi kubwa. Toa gari nje, maana moshi wake huua ndani ya banda, na funga vizuri nguo zisinaswe na feni. Kwanza fungua kichujio cha hewa: ukikuta oili humo, shuku vali. Pili, washa injini ikiwa imetulia, chomoa mpira unaofika kwenye vali, uweke kidole mdomoni pake. Usikie mlio wa hewa na kidole kivutwe kwa nguvu. Pasipo mvuto, vali au njia yake imeziba. Tatu, zima injini, itoe vali na uitikise: nzima hulia kachakacha, iliyoganda hunyamaza. Mwisho, kagua mipira kama imepasuka au imejaa matope ya oili.

Mama alipoyasikia hayo alifunga tena fundo la leso yake. "Pesa zitakaa hapa," akasema, "mpaka hiyo vali ijibu."

Tuliporudi Mombasa tulipima. Kichujio kilikuwa kimelowa oili, kidole hakikuvutwa, na vali ilipotikiswa ilikuwa bubu. Kijana alinunua mpya pamoja na mpira wake, akasafisha kichujio na kubadilisha gasketi moja iliyokwisha kusukumwa. Baada ya siku chache moshi ulikatika. Fundo la mamake halijafunguliwa.

Sisemi kila moshi wa buluu ni vali. Ukibadilisha na moshi ukaendelea, mwambie fundi apime nguvu ya kila silinda kwa geji, na akuonyeshe geji inasema nini. Ringi zikiwa zimekwisha kweli, utalipa ukijua unalipia nini. Kuuliza si ujinga, na Kipungani nimejifunza kwamba swali la mtu asiye na gari laweza kuokoa jasho la mama.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.